Awara Haina Rangi: Sababu Tisa za Kuitazama Leo, na Moja ya Kutaka Kuizima

Kabla hujauliza: ndiyo, ni nyeusi na nyeupe. Ndiyo, ni ya mwaka 1951. Ndiyo, ni ya Kihindi, na ndiyo, inapita saa tatu. Kwa muda huo mtu wa Ukunda anaweza kuvuka feri ya Likoni, akanunua ndara Marikiti, akarudi kwao, na bado akabakiwa na dakika za kulalamikia foleni.

Lakini Desemba iliyopita, nyumbani Msambweni, tuliitazama Awara mwanzo mpaka mwisho. Shuka jeupe la kitanda tulilitundika kati ya mwarobaini na ukuta wa jikoni. Projekta tuliazima kwa kijana anayepiga video za harusi. Walikuja watu kama ishirini na, nisikudanganye, wengi walifuata viazi karai. Picha ilipoanza tu, mjusi kafiri akapanda shukani, akatua sawasawa kwenye kipaji cha jaji, akakaa hapo kama muhuri wa serikali. Mtoto wa dada yangu, miaka 13, ambaye hutazama kila kitu kwenye simu kwa kasi maradufu, alivumilia dakika moja, kisha akaniuliza: "Mamdogo, rangi imeharibika?"

Orodha hii ni jibu lake. Nimeanza na sababu dhaifu nikaelekea ile iliyotufanya tukeshe. Ukiona ya tano ilistahili kuwa ya pili, weye ni mtu mzima, panga yako.

Kwa ambao hawajaiona: Jaji Raghunath anaamini kwamba mtoto wa mwizi hana budi kuwa mwizi. Kwa imani hiyo anamfunga Jagga kwa kosa asilolitenda. Jagga anatoroka, anakuwa jambazi kweli, anamteka mke wa jaji, akigundua kuwa ni mjamzito anamwachilia. Jaji anashuku mimba si yake, anamtupa mkewe nje. Mtoto anazaliwa barabarani, anaitwa Raj, anakulia kwenye mabanda ya Bombay, na mwalimu wake wa wizi ni nani? Jagga. Ukinung'unika kwamba nimekumalizia utamu, picha hii ina zaidi ya miaka 70. Ulikuwa wapi?

Na wagombea walioanguka, picha nyingine nilizofikiria kuonyesha, nao wana haki ya kutajwa. Mother India ya 1957 niliifuta mapema, ina rangi tele. Mughal-e-Azam ya 1960 ilikuwa karibu yote nyeusi na nyeupe mpaka 2004, ilipopakwa rangi na kurudishwa sokoni kama gari la mtumba. Muhogo Mchungu ya Tanganyika, 1952, niliiondoa kwa heshima: steringi wake, Rashidi Kawawa, alikuja kuwa Waziri Mkuu, nami sina ubavu wa kumshindanisha Waziri Mkuu na mwizi wa mikoba.

Haya, tuhesabu.

9. Mbega hajawahi kudaiwa rangi

Watalii wanatoka kwao na kamera za bei ya tuktuk, wanafika Diani, wanaipa mgongo bahari na rangi zake zote, wanainua shingo mitini kumpiga picha mnyama mweusi mwenye mabega meupe. Mbega huyo, kuluzu kwa wenyeji, ana mpaka shirika lake, Colobus Conservation, lililopo Diani tangu 1997, na ametundikiwa ngazi juu ya barabara avuke bila kugongwa na matatu. Sisi binadamu barabara hiyo hiyo tunaivuka kwa dua. Na sijasikia mtalii hata mmoja akisema, huyu ni wa kizamani, nileteeni wa rangi.

Halafu tazama harusi yoyote ya kwetu: mabuibui huku, kanzu kule. Tumekuwa tukiishi ndani ya sinema ya 1951 bila kulipa kiingilio.

Hukumu: macho hayana tatizo. Tatizo ni kidole kilichozoea kuruka mbele.

8. Jina lenyewe

Awara kwa Kihindi ni mzururaji, mtu asiye na mbele wala nyuma. Kiswahili kina hawara, ambaye mbele anayo, nyuma anayo, na mara nyingi ana na chumba cha kupangishiwa Likoni. Nilipotangaza kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kwamba Jumamosi tunatazama Awara, shangazi mmoja alinijibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika mbili nzima, akitaka kujua ni nani aliyenipa ruhusa ya kuonyesha mambo hayo mbele ya watoto.

Jumamosi alifika wa kwanza. Na kiti chake.

Hukumu: hakuna tangazo linaloshinda kashfa.

7. Sauti ya kuazima

Vijana wa TikTok wanadhani wao ndio waliovumbua kazi ya kufumbua kinywa huku sauti ikitoka kwa mwingine. Raj Kapoor, steringi wa Awara, aliifanya kazi hiyo mbele ya dunia nzima: mdomo wake, sauti ya Mukesh. Midomo ya Nargis, sauti ya Lata Mangeshkar. Muziki wa Shankar na Jaikishan. Na mwenye mdomo ndiye aliyetongozwa mitaani, si mwenye sauti. Dhuluma hii haikuanza na simu.

Nyanya yangu hajui Kihindi hata cha kuombea maji. Wimbo wa mzururaji ulipoanza, yule bwana anatembea na koti lake chakavu na suruali iliyopanda juu ya vifundo, Nyanya aliimba ubeti baada ya ubeti, macho kayafumba, kidole kikipiga mkono wa kiti. Nikasogea kusikiliza. Lahani ilikuwa sawa kabisa. Maneno yalikuwa ya Kiswahili, na yalimhusu mwanamke fulani aliyemchukulia mtu mume. Hayo hayamo kwenye picha.

Usishangae. Taarab ya Mombasa ilichota lahani za Kihindi kwa ndoo, na bingwa wa ndoo hiyo alikuwa Juma Bhalo, aliyetutoka 2014. Watu wa pwani waliwahi kulia kwa nyimbo ambazo nusu yake zilizaliwa Bombay na nusu Mvita, wala hakuna aliyeulizwa pasipoti.

Hukumu: kama unaweza kuimba wimbo usiojua maana yake, unaweza kutazama picha isiyo na rangi. Nyanya anaviweza vyote viwili, na jino moja.

6. Ndoto ya dakika tisa

Hapa ndipo mtoto wa dada yangu alipoacha simu. Raj amelala, anaota: mawingu yanatambaa sakafuni, ngazi inapanda hadi isikojulikana, masanamu makubwa kuliko minazi, Nargis anashuka kutoka juu kama aliyetumwa na mbingu, chini kuna moto na mashetani, na Jagga yuko huko huko na kisu chake. Ilichukua miezi mitatu kuipiga. Hakuna kompyuta iliyohusika. Ni mbao, plasta, moshi na mafundi wasiolala.

"Hii ni AI?" akauliza.

Nikamwambia ni maseremala.

Na hapa nitaitetea kwa dhati. Ndoto hiyo ingekuwa na rangi, ungeuona moshi kuwa moshi na plasta kuwa plasta. Bila rangi, kuna mwanga na kuna giza, na jicho linajijazia lenyewe. Kwetu upepo ulivuma kidogo, shuka likavimba kama tanga, moshi wa koili ya mbu ukapita mbele ya projekta, na kwa sekunde chache sikujua ni wingu lipi la Bombay na lipi la dukani. Hata mjusi alihama.

Hukumu: dakika tisa hizi peke yake zinalipa viazi vyote vilivyoliwa.

5. Mkufu na kisanduku

Sogea karibu, hili dogo ndilo ninalolipenda. Raj anataka kumpa mpenzi wake Rita, ndiye Nargis, zawadi ya siku ya kuzaliwa. Hana pesa, basi anafanya kazi aliyofundishwa: anampora bwana mmoja mkufu barabarani. Bwana mwenyewe ni jaji, mlezi wa Rita, naye alikuwa kaununua kwa ajili ya sherehe hiyo hiyo. Usiku, Raj anampa Rita mkufu bila kisanduku. Jaji anampa Rita kisanduku bila mkufu.

Hakuna anayepiga kelele. Msichana anashika vitu viwili vinavyoingiana kama kifuniko na chungu, na mtazamaji anaona uso wake unavyojumlisha. Siku hizi tungepigiwa ngoma tatu, kamera ingemrukia kila mtu usoni mara nne, na tungeambiwa turudi kesho saa moja usiku kujua kama amejua.

Hukumu: mwandishi wa picha hii, Khwaja Ahmad Abbas, angefukuzwa kazi kwenye tamthilia za leo kwa kosa la kumaliza jambo siku hiyo hiyo.

4. Wakili ni mwanamke, na wala hakuna anayeshangaa

Rita ni wakili. Mwaka 1951. Anamtetea Raj mahakamani, na anayemhoji kizimbani ni jaji aliyemlea. Mwanamke amevaa joho, anamuuliza mzee wake maswali ya kumvua nguo mbele ya umma, na kesi inaendelea kama kawaida. Kwale ilimpata gavana wake wa kwanza mwanamke, Fatuma Achani, mwaka 2022, naye kwa taaluma ni wakili. Rita alitangulia miaka 71, ingawa nakubali kwamba yeye hakulazimika kuomba kura Kinango na jua lile.

Hukumu: ushindi kwa Rita. Lakini usikae vizuri bado.

Nne kasoro robo: sababu ya kutaka kuizima

Ufukweni, Rita anamtania Raj, anamwita mtu wa porini, na Raj anampiga makofi. Si moja. Kisha picha inatutaka tuone kwamba hapo ndipo mapenzi yalipokolea. Uani pakawa kimya ghafla. Akina mama wakatazama viazi vyao. Shangazi yule yule wa ujumbe wa sauti ndiye aliyevunja ukimya: "Hawara au awara, huyo ni mshenzi."

Kuna watakaoniambia eti zilikuwa zama zile. Zama hizo Nyanya alikuwepo, na anasema kofi lilikuwa likiuma vile vile.

Hukumu: kadi nyekundu. Picha inaendelea ikiwa na wachezaji kumi.

3. Warusi walilipa

Awara ilifika Muungano wa Kisovieti mwaka 1954 na kuuza tiketi zaidi ya milioni 60. Ili nambari hiyo ikuingie kichwani: sensa ya 2019 iliwahesabu watu 866,820 katika kaunti nzima ya Kwale. Ili tuwafikie Warusi, kila mkazi, kutoka Tiwi hadi Vanga, pamoja na vitoto vya mgongoni, angehitaji kuitazama karibu mara 70.

Huku kwetu nako haikulala njaa. Mwanahistoria Laura Fair aliwahoji wazee wa Zanzibar kuhusu picha za Kihindi za ujana wao, akakuta Awara bado i midomoni mwao. Wa Msambweni hawakuhitaji mwanahistoria. Mjomba alijihoji mwenyewe. Akatuambia ujanani aliiona mara sita, zama ambazo Mombasa ilikuwa na majumba kama Naaz na Regal, na kwenda sinema kwa mtu wa Kwale kulikuwa ni safari yenye bahari katikati.

"Na pesa za tiketi?" akauliza mtoto wa dada yangu, ambaye hajui kuacha.

Mjomba akatuinamia sisi wadogo akanong'ona. Alikuwa akiuza nazi za shamba la mama yake, ndiye Nyanya, halafu akifika nyumbani anasema zimeliwa na nyani. Alidhani Nyanya hasikii. Nyanya hasikii akiitwa kunywa dawa. Mengine yote anasikia.

Hukumu: tiketi milioni 60, na sita za Mjomba. Endelea kusoma.

2. Kwani huyu mama hana kaka?

Swali hili halikuulizwa Moscow. Liliulizwa Msambweni, dakika ile ile jaji alipomtupa mkewe nje na mimba yake, na lilitoka midomo mitano kwa pamoja.

Mgeni ataona swali la ajabu. Mdigo wa huku kwetu ataona picha yenyewe ndiyo ya ajabu. Kwa mila ya Wadigo ya tangu kale, mtoto alihesabiwa upande wa mama, na mtu alimrithi mjomba wake, si baba. Sheria ya Kiislamu na ya serikali zimegeuza mengi, na tangu hapo mashamba ya minazi hayajaisha kesi, huyu akidai kwa baba, yule akidai kwa mjomba. Lakini hata asiyefuata mila tena, mahali pa mjomba anapajua. Mume akikutupa nje, hufi barabarani Bombay. Unakwenda kwa kaka yako.

Kwa hiyo tukaiandika upya Awara hapo hapo. Jaji anamfukuza mke usiku. Mke anapanda matatu hadi Kinondo. Kaka yake anafungua mlango, anauliza mara moja tu, anapisha chumba. Mtoto anazaliwa, anapelekwa chuoni, akiiba embe anachapwa na kijiji kizima, anakua, anarithi minazi saba. Jaji anabaki peke yake na nadharia zake. Jagga anakosa mwanafunzi. Picha imekwisha kwa dakika 20 na viazi bado vya moto.

Mjomba alifurahia sana toleo hili. Alijiona ndiye steringi.

Hukumu: picha nzuri ni ile inayokufanya utake kuingia ndani umwonyeshe mwongozaji njia.

1. Kesi ya methali mbili

Na sasa ugomvi wenyewe. Ukivua nyimbo, ndoto na mkufu, Awara ni methali mbili za Kiswahili zimekutana mahakamani. Upande wa mashtaka: mwana wa nyoka ni nyoka. Upande wa utetezi: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Abbas hakujua Kiswahili, lakini angepita baraza lolote kati ya Gazi na Shimoni angekuta kesi yake inasikilizwa bila faili. Huyu atakwambia ukoo ule ni wa wezi tangu babu. Yule atakwambia njaa haina ukoo. Kuna pahali Raj yuko gerezani, anapewa mkate, naye anashangaa: mkate huo angeupata nje, humu angefuata nini? Alianza wizi utotoni kwa mkate, kwa sababu ya mama mgonjwa. Jaji haulizi habari za mkate. Jaji anauliza baba yake nani, na jibu linamsubiri kwenye kioo.

Utetezi unashinda, karibu. Raj anafungwa miaka mitatu na nadharia ya jaji inabaki uchi.

Lakini subiri. Picha inayotangaza kwamba damu si kitu, tazama imeigizwa na nani. Raj ni Raj Kapoor, mwongozaji na mwenye mali, mwaka aliotimiza miaka 27. Jaji, baba yake kwenye picha, ni Prithviraj Kapoor, baba yake nyumbani. Raj mdogo ni Shashi Kapoor, mdogo wake wa tumbo moja. Na yule mzee anayeketi kitini kuiamua kesi ni Basheshwarnath Kapoor, babu yao. Mwaka 2023 mjukuu wa Raj, Ranbir, alikuwa steringi wa Animal, akigombana na babaye kwa urefu wa saa tatu nyingine. Ukoo mzima ulikuja mahakamani kuapa kwamba ukoo hauna maana. Kwetu hata kamati ya harusi huwa inaona haya kidogo.

Nilipoyasema haya Mjomba alisimama kabisa. "Si nilisema? Damu! Mwizi huzaliwa mwizi, muigizaji huzaliwa muigizaji. Mwana wa nyoka ni nyoka, basi."

Nyanya alifumbua macho. "Kwa hiyo nyoka ni mimi?"

"Hapana, mama, nasema..."

"Zile nazi zangu. Ulizaliwa ukiziuza, au nilikulea uziuze? Chagua."

Sijawahi kuona mtu mzima akikimbilia projekta kwa kasi ile, eti imepata moto, lazima izimwe ipumzike.

Hukumu: kesi imeahirishwa. Nyanya anadai nazi 40, na riba ya miaka hamsini, na anataka kujua nyani watalipwa nini kwa kuchafuliwa jina.